Mteja wa Lusaka

Jumapili, 1 Juni 2025

Ibada imechelewa kuisha na wala sijanung'unika. Baada ya matangazo walimsimamisha kijana mmoja kutoka Mbeya, amesomea sheria, atufundishe kuhusu mitandao na usalama wa taarifa binafsi. Wazee wenzangu walisinzia. Mimi sikusinzia hata kidogo! Kijana anasema kila unachobonyeza kinahifadhiwa: namba zako, picha za watoto wako, mahali ulipo, unaongea na nani. Halafu vinauzwa, na hujui kwa nani. Akasema kuna watu wameshaanza kujitoa kabisa.

Kujitoa kabisa! Nikamtazama Fortunata, upande wa kina mama. Alikuwa anambembeleza mtoto wa jirani. Sijui kama alisikia. Mimi nilimsikilizia.

Maana nimechoka. Mke wangu ni fundi cherehani mzuri, hilo sibishani na mtu, ila tangu afungue ule ukurasa wake wa nguo za vitenge nyumba imejaa watu nisiowajua. Wafuasi, wanawaita. Wafuasi wa mke wangu! Na kati yao kuna huyu Bwalya wa Lusaka. Hana hata sura, kaweka picha ya lori jeupe. Fortunata akivaa gauni jipya na kujipiga picha, Bwalya ndiye wa kwanza: mioyo, moto, mioyo tena. Dereva wa lori ana mioyo ya nini?

Sasa nimepata njia. Si mimi ninayemkataza. Ni usalama wa taarifa.


Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza leo asubuhi kwenye chai. Polepole, kwa upole, kama mtu asiye na neno. Nikasema yule kijana wa jana ameniacha na mawazo, mama Grace, hii mitandao si mahali pa watu wenye familia. Akauliza yeye ana siri gani ya kuibiwa. Nikamwambia si lazima iwe siri. Akacheka, akarudi kwenye cherehani yake.

Ikabidi nitoe kubwa. Nikamkumbusha ile picha ya Grace siku ya kwanza ya shule. Amevaa sare. Nembo ya shule inasomeka, na nyuma yake geti letu. Nikasema mtu yeyote, popote alipo, anajua mtoto wetu anasoma wapi na analala wapi.

Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

Nilifurahi. Si vizuri kufurahi mkeo akiingiwa na hofu, lakini nilifurahi. Nikaona nimalizie palepale, nikauliza kama vile nimekumbuka tu njiani: hivi huyo Bwalya ni nani?

"Mteja," akasema.

Mteja. Neno moja! Mtu asiye na hatia angeeleza.


Jumatano, 4 Juni

Niandike tu, hapa hasomi mtu. Karatasi haina intaneti.

Nina simu mbili, kama nusu ya watu wa Tunduma. Kubwa ina laini ya kwetu. Ndogo ina laini ya Zambia, bando lao linakaa, nanunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nikienda kufuata spea za pikipiki za duka langu. Ile ndogo inakaa kwenye mfuko wa ndani wa koti na sauti nimeizima. Na ndani ya ile ndogo mna akaunti ya Fortunata.

Si wizi. Aliniomba mwenyewe mwezi wa kwanza nimsaidie kuifungua, simu yake ilikuwa imevunjika kioo. Nikaifungulia humu. Neno la siri nilichagua mimi. Alipopata simu nyingine akaingia kwa neno lilelile, akaendelea na mambo yake. Kwa hiyo mimi sikuvunja mlango wa mtu. Nilikuwa ndani tangu mwanzo, sikutoka tu.

Nina utaratibu wangu. Ujumbe siufungui, ukifunguliwa unaonyesha umesomwa. Sauti alizotumiwa ndiyo kabisa, sizigusi. Nasoma vichwa tu, ule mstari mmoja wa juu, unaokatika katikati. Inatosha. Leo Bwalya kaandika: "Dia wangu, usiku kucha nawaza ile..."

Ikakatika hapo.

Ile nini? Ile nini!

Mteja aliomba cheni, nikampa breki shuu. Akarudi baadaye ananitazama kama mgonjwa.


Ijumaa, 6 Juni

Bwalya: "Mwili wangu unaujua wewe tu, wengine wote..."

Sikula mchana.


Jumamosi, 7 Juni

Tumekwenda Isansa kwa mama kuchuma kahawa. Zimeiva zote kwa pamoja mwaka huu, matawi yameinama, na baridi ya huko unaijua ukishuka tu kwenye gari. Mdogo wangu Zabron katafuta vibarua wachache tu, kwa hiyo kila mtu kapewa kikapu.

Laini ya Zambia Isansa haishiki. Nililijua hilo tangu zamani, lakini leo ndiyo nimeliona uchungu wake. Siku nzima sijui kilichoandikwa! Nimepanda kichuguu nyuma ya zizi, nimeinyosha simu juu, hakuna kitu. Nikarudi kuchuma, nikapanda tena. Mara ya tatu mama akamwita Fortunata kando akamuuliza kama nina tatizo la tumbo.

Fortunata mwenyewe hana habari. Kavaa kanga kiunoni, anachuma kwa mikono miwili, anataniana na Zabron kuhusu kikapu chake kisichojaa. Wanacheka sana hao wawili. Kwani kahawa inachekesha?

Wakati wa kula alimweleza mama yale ya kanisani. Mama yangu hajawahi kushika simu kubwa. Akauliza swali moja tu, kama hao watu hawajulikani, picha ya mjukuu wake walipewa na nani. Njia nzima ya kurudi Fortunata alikuwa anatazama dirishani. Nikajisemea, imeingia.


Jumatatu, 9 Juni

Imeingia kweli! Amefuta picha zote za Grace jana usiku. Na asubuhi kaniambia amewaza, amekubali, anajitoa. Ukurasa, akaunti, kila kitu. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi.

Halafu akasema: "Tutoke wote wawili, Baba Grace."

Wote wawili? Nikamwambia mimi nina wateja wa spea kule, nina kundi la kwaya. Akasema na yeye ana wateja. Nikasema mwanaume hapigi picha na watoto. Akauliza kama hatari inachagua.

Akanitazama muda. "Au unataka nitoke mimi peke yangu?"

Nikasema hapana, hapana, ni wote. Tukakubaliana Jumatatu ijayo, amalize kazi za watu kwanza.

Sasa nimekaa hapa dukani nakuna kichwa. Ninataka atoke. Kabisa! Lakini mimi nikitoka, nitajuaje kama na yeye ametoka? Na huyo Bwalya akihamia kwenye simu ya kawaida, nani atasoma vichwa?


Jumatano, 11 Juni

Fortunata alikwenda kwa Boazi fundi simu kuuliza jinsi ya kufunga akaunti vizuri. Boazi kamwonyesha mahali ambapo mtandao unaorodhesha simu zote zilizo ndani ya akaunti yako. Alirudi mbio hadi dukani kwangu, kashika simu kama kitu kinachounguza. Anasema kuna mtu ndani. Yuko ndani ya akaunti yake, sasa hivi!

Nilikuwa nimesimama na koti mwilini. Ile simu ndogo iko kwenye mbavu zangu, naisikia ilivyo na joto. Nikajua leo ndiyo leo.

Akanigeuzia kioo nisome. Ya kwanza: Tunduma, Tanzania, ni yake. Ya pili: Lusaka, Zambia.

Lusaka! Nikasoma tena. Lusaka! Ni ile laini yangu ya Zambia, bila shaka, hata ikiwa huku inajitaja iko kwao. Jamani, nilitaka kuimba. Nikakunja uso kama mtu aliyeudhika, nikauliza unamfahamu nani Lusaka.

"Bwalya," akasema, taratibu, kama anataja msiba.

Anasema sasa ameelewa. Bwalya alikuwa anamsifia kumbe anaiba mishono, anachukua wateja wake. Boazi alimwambia aitoe simu hiyo papo hapo na abadilishe neno la siri. Mimi nikamwambia asiguse. Nikasema huo ni ushahidi, na hata hivyo ukurasa wenyewe unafungwa Jumatatu, nani anabadilisha kitasa cha nyumba anayohama? Akaona nina akili. Akapiga picha ile orodha akaondoka.

Nimeuza plagi leo huku napiga mluzi.


Alhamisi, 12 Juni

Kamwandikia Bwalya maneno makali, akamfungia asiandike tena. Nimesoma vichwa vyake kwanza, vikali kweli, sikujua Fortunata anayaweza. Kisha Bwalya akatoweka. Kimya. Lori jeupe halipo tena!

Nimenunua nyama ya mbuzi jioni. Fortunata hakula. Nimekula mimi.


Jumamosi, 14 Juni

Cherehani haijalia tangu juzi. Sikuwahi kujua kama nyumba hii ina sauti hiyo hadi iliponyamaza.

Kwenye meza yake kuna mzigo wa vitenge vya rangi moja, vimekatwa, havijashonwa. Nikauliza ni vya nani. Vya harusi ya Lusaka, akasema. Vya Bwalya. Kumbe kazi yake karibu yote ya mwezi huu ilikuwa hiyo. Dereva wa lori anaoa, basi, na bado anamwandikia mke wangu usiku kucha! Nilitaka kulisema hilo, nikaumeza ulimi.

Halafu alianza kulia. Si kwa ajili ya kazi. Anasema wateja wake wote wamo mle ndani, majina yao na vipimo vyao. Kifua, kiuno, nyonga. Mke wa mchungaji yumo, na Nesta wa benki, na yule binti aliyekatwa titi hospitali ambaye alimwomba amshonee blauzi isiyoonyesha. "Walinipa mimi," akasema. "Sasa kuna mtu ameshawasoma wote."

Nilikaa naye. Nimewasoma, ndiyo. Nilikuwa nawapita tu, nawatafuta wanaume.

Lakini wivu ni kitu cha ajabu, haukai chini hata ukiaibishwa. Leo tena ameenda kwa Boazi, eti kuuliza kuhusu kuhifadhi picha za nguo kabla ya kufunga. Kakaa huko muda. Boazi ana nini cha kumfundisha muda wote huo? Na hii simu ndogo haina habari tangu Bwalya afungiwe. Nimeifungulia sauti kabisa, maana dukani mikono ina grisi siwezi kuitoa kila dakika. Mchana ikalia! Nikaruka. Gasper fulani wa Momba anauliza: "Shati la kitenge la mwanaume una..."

Gasper ni nani?


Jumatatu, 16 Juni

Naandika nikiwa chumbani. Wako sebuleni. Lazima niandike, nisipoandika nitafanya jambo la kijinga.

Nilirudi nyumbani mchana kwa sababu leo ndiyo siku ya kufunga. Nikakuta mgeni. Mama mmoja mnene, mrefu, kajifunga chitenge, ana vumbi la safari miguuni. Chai mbele yake, haijaguswa. Fortunata kakaa kwenye kiti cha cherehani, mikono magotini.

"Baba Grace, huyu ndiye Bwalya," akasema.

Nilitazama nyuma yake. Kweli nilitazama, nikidhani kuna mwanaume atakayeingia.

"Mulishani, bashi Grace," akanisalimia yule mama kwa Kibemba, yaani habari, baba Grace, akainama kidogo kwa heshima zao. Nikaitikia, sijui nilisema nini. Nikavua koti maana jasho lilinitoka ghafla, nikaketi, Fortunata akanimiminia chai.

Kaja na lori la mumewe hadi Nakonde, akavuka kwa miguu. Kaja kwa sababu maneno aliyoandikiwa hayakumpa usingizi. Anasema katika maisha yake hajawahi kuitwa mwizi. Alikuwa anaongea na Fortunata, lakini kila mara anageuka kwangu, kama mimi ndiye hakimu. Akaeleza kuwa mdogo wake anaolewa, na usiku kucha alikuwa anaiwaza ile nguo ya bi harusi. Akaeleza kuwa mafundi wote wa kwao wanamkosea nyonga, mwili wake anaujua Fortunata tu. Alipofika hapo akacheka kidogo mwenyewe. Chai ikanipalia. Fortunata akanigonga mgongoni.

Akaweka simu yake mezani ipekuliwe. Fortunata akaipekua. Akaunti yake haimo.

Halafu Bwalya akauliza ni nini hasa kilichomfanya amshuku yeye. Fortunata akamwonyesha ile picha ya orodha yenye Lusaka. Yule mama akaitazama, akaingia kwenye akaunti yake mwenyewe, akafungua mahali palepale, akamgeuzia Fortunata asome. Yuko hapa Tunduma, sebuleni kwetu, na simu yake inasema yuko Lusaka.

"Laini yetu popote ilipo inasema Lusaka," akasema. "Mwizi wako si wa kwetu, bana Grace. Yuko hapahapa mjini, ana laini yetu."

Fortunata akasema nusu ya Tunduma ina laini hiyo. Akasema bila kunitazama. Angenitazama ningejua la kufanya. Hakunitazama hata mara moja, aliitazama chai yangu.

Kisha akasema ameshapata njia. Atamfungulia Bwalya, na Bwalya amtumie ujumbe. Popote akaunti ilipo wazi, italia. Bwalya akasema basi watembee nayo sokoni, watembee na kule kwa mafundi simu, masikio wazi. Fortunata akasema kwanza wajaribu hapa nyumbani, aone inavyolia.

Nikasimama. Nikasema naomba niwatafutie chaja.

Nimeingia huku niizime. Nikaweka mkono kifuani, kwenye mfuko wa ndani.

Sweta. Nimevaa sweta.

Koti liko sebuleni. Nimelitundika mwenyewe kwenye kiti, karibu na mgeni. Nikirudi kulichukua sasa hivi nitakuwa nimejitaja. Nisiporudi je? Labda chaji imekwisha. Asubuhi ilikuwa imejaa. Labda Bwalya hana bando. Ana bando, ameingia mtandaoni mbele yangu! Nawasikia wanaongea polepole, Fortunata anamwambia andika chochote, andika salamu tu. Miezi yote hii namtafuta mtu anayemtazama mke wangu kwa siri. Nimegeuza nyumba juu chini

Imelia. Ya Fortunata kwanza, ile kengele yake naijua. Halafu nyingine, chini kidogo, kama iliyofunikwa na nguo.

Nasikia kiti kinasogezwa.

"Baba Grace," Fortunata anaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuniita kula. "Koti lako linalia."

Nimeitikia. Bado nimekaa kitandani